Kanda za Nixon na serikali iliyogeuzwa silaha ya mtu mmoja

Kila Richard Nixon anapotajwa, kuna maelezo mepesi yanayorudiwa: alikuwa rais hodari wa Marekani aliyeponzwa na wizi wa kijinga wa usiku mmoja, na marais wenzake walifanya hayohayo ila hawakushikwa. Maelezo hayo hayasimami mbele ya ushahidi. Wizi wa Watergate, yaani kuvunjwa kwa makao makuu ya chama pinzani cha Democratic katika jengo la Watergate, Washington, mwaka 1972, ulikuwa ncha ya kamba iliyoanza kusokotwa miaka miwili kabla, na msokotaji ni Nixon mwenyewe. Tunalijua hilo kwa uhakika usio wa kawaida katika historia ya viongozi, kwa sababu alijirekodi.

Tuanze na mitambo yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kupima uzito wa ushahidi. Februari 1971 mafundi wa Secret Service, kikosi kinachomlinda rais, walificha maikrofoni tano ndani ya meza ya Nixon na mbili kwenye taa za ukutani karibu na meko. Baadaye mtambo ukaenezwa hadi ofisi yake ya pili katika jengo la jirani, kwenye simu zake, na kwenye nyumba ya mapumziko ya Camp David. Katika ofisi, kinasa sauti kilijiwasha chenyewe: rais akiwa chumbani na sauti ikasikika, utepe ulianza kuzunguka. Hakukuwa na kitufe cha kubonyeza. Marais waliomtangulia walikuwa wakichagua nini kirekodiwe na nini kiachwe. Nixon hakuchagua, kwa hiyo mazungumzo ya hovyo yaliingia pamoja na ya maana, na baada ya muda watu huzoea na kusahau kwamba ukuta una masikio.

Ili kuokoa utepe, mafundi walitumia utepe mwembamba sana uliokwenda kwa kasi ya takriban sentimita 2.4 kwa sekunde, nusu ya kasi ya kaseti ya kawaida. Ndiyo sababu sauti za chumbani ni mbovu: vikombe vya kahawa vinagonga meza, karatasi zinakwaruza, maneno yanamezwa. Za simu ni safi zaidi. Jumla ni takriban saa 3,700, kuanzia Februari 1971 hadi Julai 1973.

Sasa turudi nyuma kidogo, Julai 1970. Nixon aliidhinisha mpango uliotungwa na kijana wa Ikulu, Tom Huston, wa kuruhusu vyombo vya usalama kufungua barua za raia na kuvunja majumba bila kibali cha mahakama. Mkuu wa FBI, J. Edgar Hoover, aligoma. Hakugoma kwa kupenda haki. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya mengi ya aina hiyo kwa miaka. Aligoma kwa sababu hakutaka kubeba lawama bila saini ya rais. Idhini ikafutwa ndani ya siku chache. Hapo ndipo Nixon alipojifunza somo baya: chombo cha dola kina watu ndani yake, na watu hao wanaweza kukataa.

Mwaka uliofuata, Juni 13, 1971, gazeti la New York Times lilianza kuchapisha nyaraka za siri za vita vya Vietnam zilizovujishwa na Daniel Ellsberg, mchambuzi wa zamani wa Wizara ya Ulinzi. Nixon hakutaka tena kusubiri FBI. Ikulu ikaunda kikosi chake yenyewe, wakakipa chumba namba 16 katika jengo la ofisi jirani na Ikulu, na wenyewe wakajiita mafundi bomba, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kuziba uvujaji. Humo waliingia Howard Hunt, afisa mstaafu wa CIA, na Gordon Liddy, aliyewahi kuwa FBI. Usiku wa Septemba 3, 1971, watu waliotumwa na wawili hao walivunja kliniki ya daktari wa akili wa Ellsberg huko Beverly Hills, wakitafuta faili la mgonjwa la kumwaibishia. Hawakupata kitu. CIA ndiyo iliyokuwa imempa Hunt kamera na vifaa vya kujibadilisha sura, na maabara zake ndizo zilizosafisha picha za upelelezi wa jengo lile. Shirika lililokatazwa na sheria kufanya kazi za usalama wa ndani lilikuwa tayari limeacha alama zake za vidole kwenye wizi wa Ikulu.

Tarehe hiyo iwekeni akilini, kwa sababu ndiyo ufunguo. Miezi tisa baadaye, Hunt, Liddy na baadhi ya Wakyuba wa Miami walioingia Beverly Hills ndio walewale waliotumika Watergate. Liddy alikuwa amehamia Kamati ya Kumchagua Tena Rais. Januari 27, 1972 alipeleka mpango wa dola milioni moja wa kupeleleza chama cha Democratic, na mahali alipouwasilisha ni ofisi ya mwanasheria mkuu wa serikali, John Mitchell. Mtu mwenye dhamana ya sheria za nchi alisikiliza mpango wa utekaji watu na wizi, na badala ya kuwaita polisi akalalamika kuwa ni ghali mno. Kwa ushahidi wa msaidizi wake, Jeb Magruder, toleo la dola 250,000 lilikubaliwa mwishoni mwa Machi. Mitchell alikana hadi mwisho.

Kilichofuata kilikuwa kazi mbovu. Waliingia mara ya kwanza mwishoni mwa Mei na kutega simu. Kinasa kimoja hakikutoa kitu cha maana. Wakarudi usiku wa Juni 17. Gundi ya karatasi waliyobandika kwenye makomeo ya milango iligunduliwa na mlinzi Frank Wills. Akaibandua, akaendelea na lindo, akarudi akakuta imebandikwa upya, akapiga simu polisi. Watu watano walikamatwa ghorofa ya sita wakiwa na glavu za hospitali, kamera, na noti za dola 100 zenye namba zinazofuatana. Namba zile ziliwapeleka wapelelezi hadi benki moja ya Miami, kwenye akaunti ya Bernard Barker, mmoja wa waliokamatwa. Katika akaunti hiyo ilikuwa imepita hundi ya dola 25,000 iliyochangwa kwa kampeni ya Nixon, pamoja na hundi nyingine za jumla ya dola 89,000 zilizozungushwa kupitia Mexico. Mmoja wa watano wale, James McCord, alikuwa mratibu wa usalama wa kamati ya kampeni. Ni uzembe ambao ungemfukuzisha kazi karani wa duka.

Hakuna ushahidi uliothibitisha kwamba Nixon aliagiza wizi huu, na sioni haja ya kumbambikia. Alichofanya baada ya hapo kinatosha.

Juni 23, 1972, siku sita tu baadaye, alikaa na mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu, Bob Haldeman, wakapanga hivi: naibu mkuu wa CIA, Vernon Walters, amwambie kaimu mkuu wa FBI, Patrick Gray, aache kufuatilia fedha za Mexico kwa kisingizio kwamba zinagusa siri za usalama wa taifa. Nixon ndiye aliyempa Haldeman maneno ya kusema, akataja Bay of Pigs, uvamizi wa Cuba uliopangwa na CIA mwaka 1961 na kushindwa, kama kitisho cha kuwanyamazisha CIA. Walters alitii siku hiyohiyo. Kwa takriban wiki mbili upelelezi wa Mexico ukasuasua. Mpango ulikwama pale FBI walipotaka kisingizio kile kiandikwe kwenye karatasi. Walters akakataa kuandika. Julai 6 Nixon alimpigia Gray simu, na Gray akamwonya kwamba watu wake wa karibu wanajaribu kumwangamiza. Rais asiye na hatia angeuliza: watu gani? Nixon alimwambia tu aendelee na upelelezi.

Kwa nini afiche wizi ambao pengine hakuuagiza? Kwa sababu waliokamatwa walijua ya Beverly Hills. Hunt akifungua mdomo kuhusu Watergate, angefungua pia kuhusu kliniki ya daktari, na kutoka hapo hadi meza ya rais ni hatua moja. Wanaosema Nixon aliharibu kwa kuficha jambo dogo hawajatazama alichokuwa analinda.

Basi zikaanza fedha za kuziba midomo. Wakili binafsi wa Nixon, Herbert Kalmbach, alikusanya, na polisi mstaafu wa New York aitwaye Tony Ulasewicz akasambaza. Aliacha bahasha kwenye makabati ya viwanja vya ndege na kando ya simu za umma, na kwa kuwa alipiga simu nyingi vibandani alijifunga kiunoni kifaa cha kubebea sarafu kama cha makondakta wa basi. Kalmbach alipoingiwa na hofu na kujitoa, zikaguswa dola 350,000 taslimu zilizokuwa zikitunzwa Ikulu. Kwa jumla zililipwa zaidi ya dola 400,000. Ubaya wa malipo ya aina hii ni kwamba hayana mwisho: kila anayelipwa anajua sasa ana kitu cha kuuza, na kila anayebeba bahasha anakuwa shahidi mpya. Walioanza wakiwa saba wa kunyamazishwa wakawa makumi.

Machi 21, 1973, wakili wa Ikulu John Dean alimweleza Nixon wazi kwamba kuna saratani karibu na kiti cha urais na inakua kila siku. Nixon akamuuliza ni kiasi gani kitahitajika. Dean akakisia dola milioni moja kwa miaka miwili. Jibu la rais liko kwenye mkanda: fedha hizo zinapatikana, hata taslimu, na anajua zinakoweza kutoka. Usiku ule dola 75,000 zikamfikia wakili wa Hunt. Ukitaka kumjua mtu, usisome hotuba zake. Sikiliza anavyojibu anapoletewa habari kwamba watumishi wake wanatenda jinai. Hapakuwa na mshtuko hata kidogo. Alijadili bei.

Na huo ni upande wa Watergate tu. Upande wa kodi ndio unaonikera zaidi, labda kwa sababu mamlaka ya mapato hugusa kila mwananchi. Agosti 1971 Dean aliandika waraka wa ndani uliouliza namna ya kutumia mitambo ya serikali kuu kuwakomoa maadui wa kisiasa. Orodha za maadui zikaandikwa: waandishi, wasomi, wafadhili, wasanii. Septemba 1972 Dean alimkabidhi kamishna wa mapato, Johnnie Walters, orodha ya mamia ya majina ya wafuasi na wachangiaji wa mpinzani wa Nixon, George McGovern, ili wachunguzwe. Walters alikwenda kwa waziri wa fedha, George Shultz. Shultz akamwambia asifanye lolote. Walters akaifunga orodha ile na kuiweka kwenye sefu, na mwaka uliofuata akaikabidhi kwa kamati ya Bunge. Wote wawili waliteuliwa na Nixon. Kwenye kanda anasikika akiwatukana kwa hilo.

Wakati huohuo yeye mwenyewe alilipa kodi ya mapato ya dola 792.81 kwa mwaka 1970 na dola 878.03 kwa mwaka 1971, ilhali mapato yake yalizidi dola 200,000 kwa mwaka. Mbinu ilikuwa hii: alidai punguzo la zaidi ya nusu milioni kwa kutoa hifadhi ya taifa karatasi zake za enzi za umakamu wa rais. Sheria ilikuwa imefuta punguzo hilo kwa zawadi zilizotolewa baada ya Julai 25, 1969, na hati yake ya zawadi ilikuwa imerudishwa tarehe nyuma. Aprili 1974 kamati ya Bunge ilikokotoa deni la takriban dola 476,000 pamoja na riba. Maneno yake maarufu ya Novemba 17, 1973, kwamba yeye si mwizi, hakuyasema juu ya Watergate kama wengi wanavyodhani. Alikuwa akijibu swali la fedha zake mbele ya wahariri wa magazeti, huko Florida.

Kuna jingine zito zaidi ya yote, nalo halikumgharimu kitu. Kuanzia Machi 18, 1969 hadi Mei 1970, ndege za B-52 ziliruka mara 3,875 na kudondosha zaidi ya tani 100,000 za mabomu ndani ya Kambodia, nchi ambayo Marekani haikuwa na vita nayo. Kulificha kulihitaji kughushi kumbukumbu za jeshi. Marubani walielezwa shabaha zilizo Vietnam Kusini. Wakiwa angani, mwendesha rada wa ardhini aliwapa shabaha mpya, za Kambodia, zilizoletwa kwa bahasha kutoka Saigon. Asubuhi karatasi za kweli zilichomwa moto na taarifa ikaandikwa kana kwamba mabomu yaliangukia Vietnam. Tumeyajua haya kwa sababu mmoja wa wasimamizi wa rada, Meja Hal Knight, aliamua kumwandikia seneta William Proxmire. Kamati ya sheria ya Bunge ilipopiga kura kama Nixon ashtakiwe kwa Kambodia, hoja ilishindwa kwa kura 26 dhidi ya 12. Hiyo ndiyo kura ya kusikitisha kuliko zote za mwaka 1974.

Kuanguka kwenyewe kulikwenda kwa mwendo ambao Nixon hakuutarajia. Julai 16, 1973, Alexander Butterfield, aliyesimamia ratiba ya Ikulu, aliulizwa na kamati ya Seneti kama kuna vinasa sauti, naye akajibu kweli. Nixon angeweza kuziteketeza kanda wiki ileile, kabla hazijaitwa rasmi na mahakama. Baadhi ya washauri walimhimiza. Aliona kanda ni mali yake na kinga yake, na alizoea kuamini kwamba cheo kitamkinga. Mwendesha mashtaka maalumu, Archibald Cox, alipong'ang'ania kuzipata, Jumamosi ya Oktoba 20 Nixon aliagiza afukuzwe. Mwanasheria mkuu Elliot Richardson alijiuzulu kuliko kutii. Naibu wake, William Ruckelshaus, naye akakataa. Wa tatu, Robert Bork, ndiye aliyetekeleza.

Baada ya hapo kila alichotoa kilizidisha shaka. Mkanda wa Juni 20, 1972 ulikutwa na pengo la dakika 18 na nusu. Katibu wake, Rose Mary Woods, alisema huenda alifuta kama dakika tano kwa bahati mbaya alipokuwa akipokea simu. Jopo la wataalamu likapata alama za kufutwa mara tano hadi tisa, kila mara kwa kubonyeza upya. Aprili 1974 alitoa nakala za maandishi za zaidi ya kurasa 1,200 zilizohaririwa na Ikulu yenyewe. Alidhani zitamsafisha. Wananchi wakasoma rais akipanga uongo kwa matusi yaliyofutwa, ukurasa baada ya ukurasa, na magazeti yaliyokuwa yakimuunga mkono yakamgeuka.

Julai 24 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 8 kwa 0 kwamba azitoe. Majaji watatu kati ya hao wanane aliwateua yeye. Siku chache baadaye kamati ya Bunge ilipitisha mashtaka matatu. La kwanza, kuzuia haki isitendeke, lilipata kura 27 kwa 11. La pili, matumizi mabaya ya madaraka, ndilo lililotaja mamlaka ya mapato, FBI, CIA na kile kikosi cha chumba namba 16. Lilipata 28 kwa 10. Wabunge saba wa chama chake mwenyewe waliliunga mkono. Wanaosema alianguka kwa wizi wa usiku mmoja waitazame kura hiyo: shtaka lililoungwa mkono na wengi zaidi ni lile la kuitumia serikali kama rungu. Mkanda wa Juni 23 ulitolewa Agosti 5. Agosti 9, 1974 akajiuzulu.

Ninajua yanayowekwa upande wa pili wa mizani: safari ya China ya Februari 1972, mkataba wa silaha na Wasovieti, wakala wa mazingira. Ni kazi halisi na ninaziheshimu. Lakini hakuna hata moja iliyohitaji kuvunja kliniki ya daktari.

Septemba 8, mrithi wake, Gerald Ford, alimpa msamaha kamili wa makosa yote aliyotenda au huenda alitenda tangu Januari 20, 1969. Mitchell, Haldeman na John Ehrlichman, mshauri wake wa mambo ya ndani, walikutwa na hatia, na kila mmoja alikaa gerezani takriban mwaka mmoja na nusu kwa kazi waliyomfanyia. Yeye hakusimama kizimbani hata siku moja. Katika mahojiano ya mwaka 1977 alimweleza mtangazaji David Frost kwamba rais akifanya jambo, maana yake si kinyume cha sheria. Alikuwa amekaa miaka mitatu nyumbani kutafakari, na hilo ndilo alilolipata.

Kanda zimeendelea kufunguliwa kidogo kidogo. Moja inatuhusu sisi moja kwa moja. Oktoba 25, 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura 76 kwa 35 kuipa China ya Mao kiti chake, na Tanzania, iliyowakilishwa na Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele. Wajumbe wake walicheza kwa furaha ukumbini. Siku iliyofuata gavana wa California, Ronald Reagan, alimpigia Nixon simu akiwaita wajumbe wa Afrika nyani ambao bado hawajazoea kuvaa viatu. Wiki ileile mjumbe wa Nixon mwenyewe, Henry Kissinger, alikuwa Beijing akiandaa ziara ya rais. Baada ya kukata simu, Nixon aliipeleka hadithi ile kwa waziri wake wa mambo ya nje, William Rogers, na safari hii waliokuwa nyani wakawa wala watu. Mkanda ulipotolewa mwaka 2000 sehemu hiyo ilikatwa ili kulinda faragha ya Reagan, aliyekuwa bado hai. Ilifunguliwa mwaka 2019. Kwa kuwa ni mkanda wa simu, hauna kelele za vikombe wala karatasi, na kicheko cha Nixon kinasikika wazi tangu mwanzo hadi mwisho.